Boila Linapumulia Wapi?

Kijiwe chetu cha hapa kijijini Solgogae ni jukwaa la mbao lililoegeshwa kwenye ukuta wa duka langu na kuzungushiwa nailoni nzito, ili wazee wasigande katikati ya sentensi. Unavua viatu, unakunja miguu, unapewa kikombe cha karatasi na pakiti ya kahawa iliyochanganywa na maziwa na sukari huko huko ilikotoka. Unakorogea pakiti hiyohiyo ikishakuwa tupu, na ole wako uombe kijiko, utaitwa mtu wa Seoul mpaka unazikwa. Watu hugombania upande wa ndani, mgongo ukutani, kwa sababu nyuma ya ukuta huo ndipo lilipo boila langu la kuni la kupasha sakafu, na ukuta huwa vuguvugu kama ubavu wa ng'ombe. Siku hiyo umeme ulikatika asubuhi. Theluji ile nzito, yenye maji, ilivunja matawi ya misonobari, matawi yakaangukia nyaya, na kufika alasiri bonde zima lilikuwa kimya isipokuwa sauti moja. Ng'ambo ya kijito, karibu kiasi cha kuona nguo zilizosahauliwa kwenye kamba zimekauka kama mbao, boila la Bibi Yangyang lilikuwa linagonga.

Ndu.

Ulikuwa unalisikia kwenye miguu kwanza, halafu ndipo masikio yanapewa taarifa.

Bibi Yangyang hana jina jingine analoitwa. Aliolewa kutoka Yangyang, pwani, na huku kwetu mwanamke akishaolewa jina la kwao humfuata kama mkia. Mume wake, Babu Dusik, alianguka kutoka kwenye mpersimoni, mti wa matunda, wakati wa mavuno akavunjika nyonga, na tangu hapo analala chini, upande wa joto, pale maji ya moto ya boila yanapoingia kwanza chini ya sakafu. Upande huo ndio unaopakana na banda la boila. Ukuta mmoja wa matofali, basi. Sisi wanne tuliokaa kijiweni tulilijua hilo vizuri, na ndiyo maana kila mmoja alikuwa anaongea sana.

— Hewa hiyo, alisema Mwenyekiti. Imeingia kwenye mabomba, inatafuta njia. Itachoka yenyewe.

Mwenyekiti wetu wa kijiji, Bwana Myeong, ana kipaza sauti juu ya mlingoti wa ukumbi, na kila alfajiri hutuamsha nacho ili atukumbushe mambo ambayo hatujayasahau. Umeme ulipokatika, naye alikatika. Ilibidi azunguke nyumba kwa nyumba kwenye theluji, akitumia koo lake mwenyewe, na sasa sauti yake ilikuwa imekwaruzika na yeye anaona fahari.

— Hewa gani inagonga hivyo? aliuliza Injinia. Hewa inakoroma, bwana. Inafanya gurrr. Huko kwenye meli...

— Huko kwenye meli ulikuwa unapaka rangi, nilimkatiza.

— Nilikuwa napaka rangi wapi, Mama Boram? Chumba cha injini! Mtu unapaka huku unasikiliza.

Injinia kwa majina ni Tak Gwangsik. Alikaa kusini kwenye karakana ya meli nusu ya maisha yake na brashi mkononi, akarudi na cheo ambacho hakuna aliyempa. Simsemi vibaya. Mtu wa watu yule. Kabla ya baridi kuanza alipita Solgogae nzima na mabegi ya matambara na utepe wa gundi, akayavalisha mabomba yetu nguo yasije yakaganda. La kwangu alilivalisha koti la marehemu mume wangu. Hakudai kitu, ila sifa, na sifa tulimpa.

— Mwaka huu kuna bomba lililopasuka kwa barafu hapa kijijini? Injinia alituuliza, akitutazama mmoja mmoja. Lipo? Semeni basi.

— Halipo, alijibu Mwenyekiti.

— Ahaa.

Ndu.

Kahawa kwenye vikombe vyetu ilifanya miduara midogo. Tuliiona sote, kila mmoja akainua kikombe chake haraka akanywa, kana kwamba miduara ile ingeisha ikimezwa.

— Linakuja karibu karibu, alisema Mzee Mzizi.

— Halijasogea, Mzee. Boila halina miguu.

— Nasema zile kelele. Asubuhi ungeweza kuvuta sigara nzima katikati ya mlio na mlio. Sasa hata kuiwasha huwahi.

Mzee Mzizi huchimba jinseng ya mwituni, ule mzizi wa dawa. Hapandi mlimani kama hajaota ndoto njema, na kwa kuwa ndoto njema hazimjii mara nyingi, tunaye sana kijiweni. Macho yake hafifu, lakini masikio yake ni ya paa wa mwituni. Nilipotega langu nikakuta ni kweli.

— Tatizo ni pampu, Injinia alisema, na hapo, kwa mara ya kwanza na karibu ya mwisho siku ile, alisema la kweli. Umeme hakuna, pampu imekufa. Maji hayazunguki kwenda chini ya sakafu na kurudi. Yamesimama kwenye tangi yanapikwa tu. Yanachemka humo ndani kama supu ya mifupa, ule mvuke unapiga chuma. Ndu! Umeona?

— Na feni? aliuliza Mwenyekiti. Feni ya kupuliza moto nayo si imezimika? Moto ukikosa feni unasinzia. Ndiyo maana nilipita kila nyumba asubuhi: jamani, fungueni mlango wa chini, ule wa majivu, moto upate pumzi, wazee wasilale kwenye sakafu ya baridi! Koo langu lote limeishia huko.

— Ulifanya vizuri, Injinia alisema.

— Hata Mama Boram amefungua. Si umefungua?

— Nimefungua, nilisema. Ni rahisi kuliko kubishana na wewe mlangoni.

Wakacheka kidogo. Kicheko kilikatwa.

Ndu. Ndu.

Mbili kwa mpigo. Hazikuwahi kuja mbili. Mzee Mzizi aliweka kikombe chini.

Msomaji atauliza kwa nini hatukwenda kumtoa yule mzee. Tulikwenda. Mchana, Mwenyekiti na Injinia walivuka kijito wamebeba mlango wa kutelezesha waliouchomoa ukumbini, wamlaze juu yake. Mimi nilibeba blanketi. Bibi Yangyang alitupokea kizingitini na chuma cha kuchokolea moto. Mtoto wao mkubwa, yule wa Seoul, amekuwa akitafuta njia ya kumpeleka baba yake kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na Bibi amekwishaona wenzake wakibebwa nje kwa blanketi asubuhi njema, wakisindikizwa na majirani wenye huruma, na hajaona hata mmoja aliyerudi. Kwake sisi tulikuwa hao majirani. "Nyinyi mmetumwa," alisema. "Mwambieni aliyewatuma, mume wangu atatoka humu siku nitakayotoka na mimi." Nyuma yake, gizani, Babu Dusik alikohoa. "Ni akina nani?" aliuliza. "Si watu," Bibi alimjibu, akafunga mlango.

Kwa hiyo tulirudi kijiweni kumtazama kwa mbali. Zimamoto walikuwa wamekwama chini ya mlima, lori limelala katikati ya barabara. Simu ya Mwenyekiti ilikuwa na chaji ya pumzi ya mwisho.

— Tumwage maji baridi, alisema Mwenyekiti. Lile tangi dogo juu ya paa, si ndilo linaloongezea maji? Tupande na ndoo za theluji, tuyapooze.

— Wazo, Injinia alisema.

— Wazo gani? Nilishindwa kuvumilia. Sufuria likiwa jekundu kwa moto ukalitia maji ya barafu linafanyaje?

— Linalia.

— Linapasuka, Injinia. Na hilo si sufuria.

— Basi tuumwagie moto wenyewe. Tufungue mlango wa boila, ndoo moja, fyuu, habari imeisha.

— Na uso wako nao umeisha. Mvuke ukikupiga usoni, wewe ndiye utakayebebwa kwenye ule mlango.

Alijipapasa shavu.

— Mnajua likilipuka litafika wapi? alianza tena, kwa sauti ya chini. Nimepiga hesabu. Chuma chote kile, maji yote yale. Ule mlango wa mbele wa boila unatazama huku. Utachomoka, utavuka kijito, utapita... Alinyoosha kidole, akakipitisha taratibu hewani, kikaja, kikaja, kikasimama kifuani kwa Mwenyekiti.

— Toa kidole chako!

— Nakueleza sayansi, kaka.

— Sayansi hiyo ihamishie upande wa Mzee Mzizi.

Mzee Mzizi hakucheka. Alikuwa amejisogeza mbele, mgongo mbali na ukuta, anajikuna.

— Ukuta wako leo unachoma, Mama Boram.

— Shukuru. Kesho utaulilia.

— Mimi nitawaambia kinachogonga, alisema. Nilikuwa sitaki kusema.

Alipokuwa hataki kusema kitu, maana yake alikuwa amekiandaa tangu asubuhi.

— Ule mti wa pale juu kwenye kipito. Mti wa mlinzi. Theluji imeangusha tawi lake kubwa usiku. Mnalijua tawi lile, lile lililofungwa vitambaa. Nimepita alfajiri nikaona limeanguka. Nimerudi baadaye, tawi hakuna. Pana mburuzo tu kwenye theluji. Nimeufuata. Unaishia kwenye banda la kuni la Bibi Yangyang.

Kijiwe kizima kiliacha kukoroga. Mimi nilisoma chuo kikuu, nilisoma mpaka wazazi wangu wakauza ng'ombe, na siamini habari za miti yenye mizimu ya kulinda kijiji. Lakini kila nipitapo pale kwenye kipito huokota jiwe dogo nikaliongeza kwenye lile fungu chini ya mti, na sijawahi kujiuliza kwa nini.

— Amelichoma? alinong'ona Mwenyekiti.

— Unaona moshi ule? Huo ni moshi wa kuni za kawaida?

Tukatazama. Moshi ulikuwa mweusi, mzito, unatoka kwenye dohani kwa mikupuo na kujikunja kushuka kwenye paa badala ya kupanda. Kuni mbichi hutoa moshi hivyo, kila mtu anajua. Hujaza dohani lami, lami inachuruzika, ndiyo ile harufu kali ya Solgogae nzima kila baridi. Nilitaka kusema hivyo. Badala yake nilisikia:

Ndu. Ndu. Ndu.

— Anabisha, alisema Mzee Mzizi. Yumo humo ndani anataka kutoka.

— Nani?

— Aliyekuwa anakaa kwenye tawi.

— Mzee, tafadhali.

— Ukiwa umefungiwa mahali pa moto ungefanyaje? Usingebisha?

Mwenyekiti alitoa simu yake, akaitazama, akairudisha. Mtu alikuwa anatembea kuja upande wetu kwenye theluji, na nakiri kwamba kabla ya kuona koti lake la kampuni ya vifurushi, nilidhani ni yule wa kwenye tawi.

Alikuwa Bi Pyo, dereva mpya wa vifurushi. Gari lake lilinasa darajani tangu asubuhi, na alikuwa ameshinda humo akila mzigo wa machungwa ya mandarini wa mtu. Theluji ilimfika magotini, pua nyekundu kama pilipili.

— Shikamooni. Mna maji ya moto?

— Panda, dada, panda, vua viatu, alisema Mwenyekiti. Mama Boram, mpe mwenzetu kahawa.

Nilimmiminia maji kwenye kikombe kutoka kwenye birika la jiko la gesi. Akapanda, akakunja miguu, akapasua pakiti, akamwaga, akaanza kukorogea pakiti bila kuambiwa, nikampenda hapo hapo.

Ndu. Ndu.

Alishtuka, kahawa ikamwagikia goti.

— Nini hicho?

Tulimweleza wote kwa pamoja. Hewa. Pampu. Lami. Mlango utakaovuka kijito. Tawi. Babu aliyelala nyuma ya ukuta na mke wake mwenye chuma. Bi Pyo alisikiliza akitutazama vinywa, kama mtu anayetafuta ni kituo kipi cha redio kati ya vinne kinachosema habari.

— Mimi maboila siyajui, alisema mwishowe. Nakaa ghorofani, joto linakuja lenyewe, unabonyeza tu. Lakini sufuria langu la wali, lile la presha, lina kale kadude juu. Maji yakichemka kadude kanacheza, mvuke unatoka, tsss. Sasa hilo boila, alipuliza kahawa yake, linapumulia wapi?

— Lina bomba, nilijibu mara moja. Kila boila lina bomba. Linatoka kwenye lile tangi dogo juu ya paa, jembamba, limeachwa wazi, mvuke unapita...

Nilikuwa nanyoosha kidole kuelekea paa la banda la Bibi Yangyang, na kidole kilifika kabla ya akili. Pale palipokuwa na bomba palikuwa na kilemba. Blanketi nene la pamba, la maua ya waridi, limezungushwa na kuzungushwa, na juu yake utepe wa gundi wa rangi ya fedha uking'aa. Hapakuwa na mvuke. Hata uzi.

— Injinia, nilisema.

Alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake.

— Injinia.

— Lilikuwa linapoteza joto, alisema. Mvuke ulikuwa unatoka bure, Mama Boram. Mchana na usiku, unatoka tu. Nilimwonea huruma Bibi, kuni anazikata mwenyewe.

— Ukafanya nini?

— Nikaliziba. Nailoni kwanza. Halafu blanketi. Halafu utepe.

— Utepe kiasi gani? aliuliza Mwenyekiti, sijui kwa nini.

— Wote.

Ndu, lilisema boila, na safari hii kitu kilifuata baada ya mlio, kitu kirefu na chembamba, kama chuma kinachovuta pumzi kupitia meno. Mzee Mzizi alifumba macho.

Nitamsema Injinia mengi, lakini alisimama kabla ya sisi wote. Hata viatu alivivaa kinyume. Alichukua mundu uliokuwa ukining'inia dukani, akaanza kuvuka theluji, na Mzee Mzizi alimpigia kelele:

— Usipande juu, mpumbavu we! Chukua mti wa Dusik!

Tulimfuata sote ng'ambo. Nyuma ya nyumba ya Bibi Yangyang uliegemezwa mwanzi wa kuangulia persimoni, ule mrefu wenye kiwavu mwishoni, ambao Babu Dusik alikataa kuutumia siku ile aliyoanguka. Tulikata kiwavu, tukaufunga mundu mahali pake kwa kamba ya viatu vya Mwenyekiti. Mikono yetu ilikuwa inagongana. Karibu hivyo, boila halikusikika tena kwa miguu tu, lilisikika kwenye meno. Kuta za banda zilikuwa zikidondosha theluji kila lilipogonga. Nilichungulia: mlango wa juu umefungwa, na ule wa chini, wa majivu, uko wazi wote, moto umejaa unanguruma kama uko harusini.

Dirisha la nyumba lilifunguka. Bibi Yangyang.

— Mmerudi tena, wanafiki!

— Bibi, nani alifungua mlango wa chini? nilimwuliza.

— Si huyo Mwenyekiti wenu! Alikuja kunibwekea asubuhi, fungua, fungua.

Mwenyekiti alikuwa tayari amepiga magoti kwenye theluji. Alitambaa mpaka mlangoni mwa banda, akaufikia ule mlango wa chini kwa ncha ya koleo, akausukuma ukajifunga, akarudi kinyumenyume bila kugeuka, akisema maneno ambayo nadhani ni sala. Ngurumo ya moto ilipungua. Kugonga hakukupungua.

— Bibi, laleni chini! Mfunike Babu! Injinia alipiga kelele.

— Mnafanya nini na mwanzi wangu?

— Mfunike!

Kitu katika sauti yake kilimfikia. Kabla dirisha halijafungwa nilimwona akigeuka, akishuka taratibu kwa magoti yake mabovu, akijilaza juu ya mume wake kama anatandika kitanda.

Injinia alijificha nyuma ya shina la mpersimoni, mwanzi mikononi, na akaanza kuukata utepe kwa mbali. Mundu uliteleza. Ukateleza tena. Utepe ulikuwa mwingi kweli, alifanya kazi safi, Mungu amsamehe, kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Mzee Mzizi alishika mwanzi pamoja naye, nami nikashika, na Bi Pyo ambaye hata jina lake hatukuwa tumelishika vizuri akashika, na tukawa tunasukuma na kuvuta kama watu wanaopasua mbao. Pamba ilianza kutoka. Nikaona waridi moja limechanika katikati.

Halafu paa likapiga kelele.

Sina neno jingine. Nguzo nyeupe ya mvuke ilipanda juu zaidi ya mti, blanketi likaruka nayo, likafunguka hewani na maua yake yote, likabaki limening'inia kwenye tawi la juu kabisa. Maji ya moto yalinyesha kwenye theluji mbele yetu na kuitoboa matundu meusi. Tulikuwa tumelala kifudifudi. Kelele ile iliendelea, ikaendelea, mpaka nikafikiri haitaisha. Ikawa mluzi, ikawa pumzi, ikawa tsss, kama sufuria la wali la Bi Pyo.

Boila lilinyamaza.

Dirisha likafunguka. Bibi Yangyang alitazama juu mtini.

— Lile si blanketi la mahari yangu?

Nyuma yake sauti ya Babu Dusik, dhaifu lakini yenye kero ya mtu mzima:

— Mwambieni huyu mwanamke anyanyuke juu yangu. Ameniumiza mbavu.

Ndipo tulipocheka. Tulicheka mpaka Mwenyekiti akapaliwa. Injinia alikaa kwenye theluji na kulia waziwazi, akijifuta kwa glavu, na hakuna aliyemtania, ambalo kwa Solgogae ni jambo la kuingia kwenye historia.

Tulirudi kijiweni. Niliwasha tena jiko la gesi, nikagawa pakiti mpya. Tulivua viatu, tukakunja miguu, Mwenyekiti akiwa na kiatu kimoja kisicho na kamba. Kila mtu alikuwa anaongea tena, kwa ile sauti ya juu ya watu waliopona.

— Mimi nilijua tu ni presha, alisema Mwenyekiti.

— Ulisema hewa.

— Mvuke si hewa?

— Ndiyo hewa ya moto, Injinia alimsaidia. Amani ilikuwa imerudi kabisa.

— Na lile tawi? Mzee Mzizi aliuliza.

— Lile tawi nimeliona nilipochungulia, nikamwambia. Liko bandani, kavu, limeegemezwa ukutani na vitambaa vyake. Hajaligusa. Amelitoa kwenye theluji tu lisioze.

Mzee Mzizi aliinamisha kichwa, nadhani kwa aibu, nadhani pia kwa kukosa. Kisha akajinyoosha kuegemea ukuta, akaruka mbele kama ameumwa na nyuki.

— Mama Boram, ukuta wako!

Bi Pyo alikuwa anakoroga kahawa yake. Alikuwa mtu wa kukoroga muda mrefu. Aliitazama Solgogae kupitia nailoni, paa moja baada ya jingine, moshi mmoja baada ya mwingine, yote ikipanda myeusi na minene, na juu ya kila banda kitu cha mviringo kinachong'aa rangi ya fedha kwenye jua la jioni.

— Injinia, aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia. Umeziba mabomba mangapi?

Injinia alifungua mdomo. Alitutazama kama vile jibu lilikuwa kwa mmoja wetu. Alianza kuhesabu kwa vidole, akafika kidole cha mwisho cha mkono wa pili, akarudi kwenye cha kwanza, akaendelea. Mwenyekiti, aliyekuwa ameingia kila nyumba asubuhi na koo lake, alivua kofia. Maji kwenye birika yalianza kuchemka, kifuniko kikacheza, na nikakumbuka koti la mume wangu lilivyokaa vizuri kwenye lile bomba la juu ya paa langu, mikono yote miwili imefungwa kwa mbele.

Nyuma ya migongo yetu, ndani ya ukuta, kitu kiligonga. Mara moja, taratibu, kama mgeni mwenye adabu.